Mguu wa Dubai, Mguu wa Japani

Makole, Dodoma
18 Septemba 1994

Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku tunaendelea. Maji ya bomba yanatoka Jumanne na Ijumaa, yakitoka. Mbwa wa mwenye nyumba amezaa tena, safari hii ndani ya pipa langu la maji, jambo linalokueleza hali ya maji yenyewe. Dada yangu Violeth amefaulu mtihani wa kupiga chapa na sasa hata kuzungumza anazungumza kwa kasi hiyo hiyo. Goti lako linaendeleaje?

Jana ulikuwepo kwa Mzee Nikodemo, baba yake Erica, kwa hiyo unajua kwamba sikufika. Najua wazee wetu walikaa upande mmoja na wazee wa Erica upande wa pili, wakangoja. Kwa desturi yetu mimi siingii kwenye kikao cha posa mpaka niitwe, lakini lazima niwe uani, na mwoaji asipoonekana uani hakuna kikao. Hii ni mara ya pili baada ya ile ya Juni. Nina aibu.

Sababu ni tairi. Nilipofika Mayamaya lilipasuka kwa kishindo, watu wakatoka kwenye mabanda kutazama. Kazi ya kulifungua ilichukua muda mrefu, na ilipokwisha jua lilikuwa limekwenda. Nikaona heri nirudi.

Naomba umweleze Erica kwamba nia yangu ya kumwoa iko pale pale. Ila siwezi kuipanda barabara hiyo mara ya tatu bila matairi ya maana. Siku hizi maduka yamejaa, na si jambo la kukurupukia. Nimeanza kulinganisha.

Mwanao,
Damas


Kolo, Kondoa
9 Oktoba 1994

Damas mwanangu,

Marahaba. Goti linauma upande wa ndani sasa, zamani lilikuwa la nje. Binti yangu Elieth amejifungua mapacha, wote wa kike, wanalia kwa zamu ili tusipate nafasi ya kuzoea kimya. Mahindi yaliyobaki ghalani yametobolewa na dumuzi.

Salamu zako za aibu nimezifikisha. Mbuzi tulimla, maana alikwisha kuchinjwa na asingeweza kukungoja. Erica alikula kidogo, akaosha sufuria, Jumatatu akaenda kufundisha kama kawaida. Sikumwona akilia. Mzee Nikodemo alisema neno moja tu, wazee walipokuwa wanaaga: kwamba anakungoja mpaka Pasaka, na baada ya hapo atafungua barua nyingine ya posa iliyoko mezani kwake. Barua hiyo ni ya Raphael, bwana afya wa Kondoa. Nimeiona kwa macho. Bahasha yake ni nzuri.

Basi usiniandikie tena kwamba nia iko pale pale. Nia ikikaa pale pale Dodoma haimsaidii mtu aliyeko Kolo.

Halafu nieleze jambo moja. Hilo gari unalitumia kwa kazi gani siku za kawaida, hata lihitaji matairi ya kuchaguliwa mwezi mzima?

Shangazi yako,
Dorothea


Makole, Dodoma
23 Oktoba 1994

Shangazi,

Shikamoo, na hongera kwa wajukuu. Watoto wa mbwa nao wamefumbua macho. Ofisini tuko katika kukusanya takwimu za mifugo. Wilaya moja imeleta idadi ya ng'ombe inayozidi ya mwaka jana mara tatu, tumewarudishia wahesabu tena, wakaleta pungufu.

Umeuliza kazi ya gari. Kila siku linakwenda ofisini, sokoni na nyumbani. Jumamosi moja moja nalipeleka Hombolo kununua zabibu. Hayo yote ni lami na changarawe kidogo. Lakini njia ya kuja kwenu ni vumbi na mawe wakati wa kiangazi, na mvua zikianza ni ule udongo mweusi wa Kelema unaokamata gurudumu na kulidai maelezo. Tairi linalofaa mjini halifai huko. Ninachotafuta ni tairi la majira yote.

Nimepata mfanyabiashara, anaitwa Thomas, ana banda karibu na soko. Anayo ya aina mbili. La kwanza ni jipya, limetoka Dubai. Meno yake ni mapana na mpira wake mgumu. Ukilibonyeza kwa ukucha, ukucha ndio unaoumia. La pili ni mtumba kutoka Japani. Mpira wake ni laini kama ufizi, na kila jino limechanjwa mikato midogo midogo, kama mtu aliyepelekwa kwa mganga. Thomas anaapa kwamba yote mawili ni ya majira yote.

Nikamwuliza, "Kama yote ni ya majira yote, mbona hayafanani hata kidogo?"

Akasema, "Bosi, hata mimi na wewe ni wa majira yote. Tunafanana?"

Ubavuni mwa lile la Japani pana herufi M na S. Thomas anasema M ni masika na S ni sikukuu. Sikumwamini, lakini sina maelezo mengine.

Nimekwenda kwake mara nyingi kiasi kwamba sasa akitoka kwenda kula ananiachia banda nimwangalizie. Juzi nilimwuzia mteja tairi. Mteja yule hakulinganisha chochote. Alikuja, akalipa, akaondoka. Nilimsikitikia.

Tafadhali mweleze Erica avumilie. Kwenda bila uhakika ni kubahatisha, na mtu hapaswi kubahatisha ndoa.

Mwanao,
Damas


Kolo, Kondoa
13 Novemba 1994

Damas,

Marahaba. Mapacha hawajambo. Mmoja amezoea kulala mchana, mwingine anamwamsha. Goti limerudi upande wa nje.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Marehemu baba yako, wakati wa vibali, aliomba tairi moja kwa maandishi wilayani. Alingoja miezi, akapewa tairi la lori. Yeye alikuwa na baiskeli. Akashukuru, akalibiringisha mpaka nyumbani. Wewe umefunguliwa soko zima, ukakwama mlangoni.

Lakini kwa kuwa umesema unataka uhakika, utapewa uhakika. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka nilipostaafu, na najua kwamba kubonyeza kitu kwa ukucha si ushahidi. Hapa Kolo gari ni la misheni peke yake, lakini kila mtu anatembea juu ya tairi. Iddy wa gulioni anakata katambuga za tairi lolote utakalomletea. Nitumie kwa basi tairi moja kuukuu la kila aina, hata kama limepasuka.

Nitamwambia Iddy akate jozi moja hivi: mguu wa kushoto Dubai, wa kulia Japani. Nitampa Yotham, jirani yangu, anayepeleka maziwa misheni kila asubuhi. Unaijua njia yake. Ina mchanga, mawe, miiba, na lile korongo ambalo mvua zikinyesha halina jina zuri. Mtu mmoja, mzigo mmoja, njia moja, kiangazi na masika. Huo ndio ulinganisho.

Katambuga hukatwa mbili mbili, kwa hiyo itabaki jozi ya pili, nayo kinyume cha ya kwanza: kulia Dubai, kushoto Japani. Hiyo nayo itapata mvaaji.

Matokeo nitakuandikia. Ukishayapata, usiombe ulinganisho mwingine.

Dorothea


Makole, Dodoma
20 Novemba 1994

Shangazi,

Shikamoo. Kwa haraka, basi linaondoka kesho alfajiri. Nimempa utingo, yule Batholomeo, matairi mawili makuukuu, yamefungwa kwa kamba ya katani. La Dubai lina alama ya chaki nyeupe. Thomas amenipa bure alipojua ni kwa ajili ya uchunguzi. Ameomba aandikiwe nakala ya matokeo, kama yatamfaa.

Swali moja tu la kitaalamu: Yotham anatumia zaidi mguu upi? Maana kama ni wa kulia, matokeo yataegemea upande.

Damas


Kolo, Kondoa
8 Januari 1995

Damas,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Nimechelewa kwa sababu mvua ilikata barabara kabla ya Krismasi, na basi lililala Kelema siku tatu na watu wake. Mapacha wamebatizwa. Padri aliwachanganya, akambatiza mmoja mara mbili, tukamrudisha kwa mwingine.

Matokeo ni haya.

Kabla ya mvua: mguu wa Japani ulianza kulika kisigino mapema. Mawe ya jua kali yanaula mpira ule kama sabuni. Mguu wa Dubai ulibaki na meno yake yote. Miiba imepita kote kote. Iddy anasema hilo si kosa la matairi, ni miiba ya mwaka huu.

Baada ya mvua: Yotham alifika korongoni na maziwa kichwani. Mguu wa Dubai ukatangulia kuelekea Babati, mguu wa Japani ukabaki Kolo. Yotham mwenyewe alikaa katikati, maziwa yakaenda na maji. Alinieleza kwa kirefu anavyokufikiria, sitayaandika. Kesho yake alijifunza kutanguliza mguu wa Japani kwenye tope na wa Dubai kwenye mawe, na tangu hapo maziwa yanafika.

Mvaaji wa jozi ya pili ameniletea habari hiyo hiyo, ila kwake Dubai ni kulia. Kwa hiyo si suala la mguu. Yule naye anatembea mbali kila siku, na hapendi kuzungumzwa. Jina lake hukuniuliza.

Kuhusu herufi, nilimwuliza Mzungu mmoja aliyekuja kutazama michoro ya mapangoni. Alisema M na S ni Kiingereza, maana yake matope na theluji. Tairi lako la Japani limetengenezwa kwa theluji. Nikamwuliza theluji ikoje ukiilinganisha na udongo wa Kelema. Alifikiri kidogo, akasema udongo wa Kelema ni mbaya zaidi. Alikuwa ametoka kusukuma gari.

Sasa jambo jingine. Batholomeo aliponiletea barua yako ya Novemba nilimpa uji. Akiwa anakunywa akaniambia kwamba anakufahamu vizuri, wewe ni mtu mwema. Nikamwuliza kwa nini. Akasema mwezi wa tisa basi lao lilipasuka tairi pale Mayamaya kwa kishindo, watu wakatoka mabandani. Palikuwa na Corolla nyeupe imeegeshwa mbele ya banda la nyama, matairi manne yamejaa upepo, na mwenyewe anakula mbavu. Huyo mwenyewe alinawa mikono, akawasaidia kufungua tairi, akakaa nao mpaka kazi ikaisha. Kisha akageuza gari, akarudi Dodoma.

Kwa hiyo tairi lililopasuka siku ile lilikuwepo kweli. Lilikuwa la basi.

Sijamwambia mtu. Naomba maelezo.

Dorothea


Makole, Dodoma
26 Februari 1995

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Kazi zimekuwa nyingi. Ile wilaya imeleta idadi ya tatu ya ng'ombe. Violeth ameajiriwa na anasalimu sana. Watoto wa mbwa wamegawiwa, nami nimepewa mmoja bila kuulizwa.

Nashukuru kwa matokeo. Yameandikwa vizuri kuliko mengi tunayopokea ofisini. Hata hivyo yameongeza ugumu. Kama la Japani linaisha kwenye mawe na la Dubai linateleza kwenye tope, basi hakuna hata moja ambalo ni la majira yote, na Thomas amekuwa akinidanganya kwa pande zote mbili. Sasa amepokea aina ya tatu, kutoka Afrika Kusini. Ubavu wake ni mnene na una mistari inayofuata upande mmoja, ukilifunga kinyume linarudi nyuma kwa hiari yake, ndivyo anavyosema. Nadhani ni busara tuliingize hili nalo kabla ya kuamua. Je, Iddy ana nafasi?

Kuhusu Mayamaya, nyama ya pale inasifiwa na wengi.

Mwanao,
Damas


Kolo, Kondoa
5 Machi 1995

Damas,

Marahaba. Wajukuu hawajambo. Goti vilevile.

Iddy hana nafasi.

Mahakamani shahidi akiulizwa jambo moja akajibu habari ya nyama, tulikuwa tunaandika: "Shahidi hakujibu." Nimeandika hivyo na hapa.

Pasaka ni tarehe 16 Aprili. Jumapili iliyopita Raphael alikuja kwa Mzee Nikodemo katikati ya mvua, kwa pikipiki, ana tope mpaka kwenye nyusi. Akapewa chai, akanywa, akasifu kuku wa nyumba hiyo. Pikipiki yake ina matairi mawili tu na sijasikia akiyazungumzia.

Mvaaji wa jozi ya pili ameniambia kwamba amechoka. Hakumaanisha miguu.

Dorothea


Makole, Dodoma
19 Machi 1995

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za mbwa.

Ijumaa nilikuwa mezani kwangu, wenzangu wanne wakiwepo, nikaona mashine za kuandikia zimenyamaza. Nikainua kichwa. Erica alikuwa amesimama mlangoni, na gauni lake la shule, na begi. Miguuni alikuwa na katambuga. Kulia Dubai, kushoto Japani. Ungeweza kunidokeza.

"Habari za siku nyingi, Bwana Damas," akasema.

"Nzuri. Umefika lini?"

"Sasa hivi. Kwa basi. Nalo lina matairi, na limefika."

Akavua zile katambuga, akaziweka juu ya takwimu za ng'ombe, akasimama pekupeku mbele ya ofisi nzima.

"Hii ya Japani imekwisha, tazama kisigino. Lakini kwenye tope haikuniangusha hata mara moja. Hii ya Dubai iko kama ilivyokatwa, na imeniangusha mbele ya darasa la nne. Umeona?"

Nikasema, "Kwa hiyo la majira yote hakuna."

"Hakuna. Na mimi shule sijakosa. Yotham amepeleka maziwa masika yote, mguu mmoja wa aina hii na mmoja wa ile. Sasa niambie ukweli, maana nimeomba ruhusa ya siku moja. Hunitaki?"

"Nakutaka."

"Basi unaogopa nini?"

Wenzangu hawakujifanya hata kidogo kwamba wanafanya kazi. Nikamwambia: namwogopa baba yako. Akashangaa. Nikamweleza kwamba darasa la sita Mzee Nikodemo ndiye aliyenifundisha hesabu. Siku moja alinisimamisha ubaoni kipindi kizima, kwa lile swali la bomba linalojaza tangi huku jingine linalitoa maji. Sikulipata. Akasema mbele ya wote, "Damas, wenzako watakapokuwa wanaoa, wewe utakuwa bado umesimama hapa." Sasa kila nikifika Mayamaya naliona tangi lile, naingia kwenye banda la nyama. Mara ya Juni na mara ya Septemba, ni hivyo hivyo. Hayo ndiyo maelezo uliyoomba, shangazi. Tairi halikuhusika.

Erica alizivaa tena katambuga zake. Kisha akasema, "Baba hakukumbuki."

"Hanikumbuki vipi?"

"Barua yako ya posa ilipofika aliniuliza, Damas yupi, yule mrefu? Nikamwambia ndiyo, ili yaishe."

Mimi si mrefu. Sijui kwa nini jambo hili limenikera kuliko kile kipindi cha ubaoni.

Bwana Zablon, mkuu wa ofisi yetu, ndiye aliyeingilia. Alisema, "Damas, nenda kafunge matairi. Hawa ng'ombe wataendelea kuwepo, idadi yoyote ile."

Tukaenda kwa Thomas. Erica akamwambia, "Mawili ya Japani mbele. Mawili ya Dubai nyuma."

Thomas akasema, "Dada, haifungwi hivyo. Gari litachanganyikiwa."

"Mimi nimevaa hivyo miezi minne. Naonekana nimechanganyikiwa?"

Thomas alizitazama katambuga, akanitazama mimi, akaenda kuchukua jeki.

Nilitaka kumnunulia viatu vya kurudia. Alikataa. Alisema nitaanza kuvilinganisha na basi litaondoka. Jana asubuhi amepanda, na katambuga zake.

Niambie siku.

Damas


Kolo, Kondoa
26 Machi 1995

Damas,

Marahaba. Maelezo yamepokelewa na yamekamilika.

Hukuuliza kama mimi ndiye niliyempa Erica ile jozi. Siye mimi. Alikuja mwenyewe kwa Iddy siku zilipokatwa, akasema, kama huyu mwanamume anataka ushahidi nitauvaa. Nikamwachia. Ningekuandikia, lakini ungedai mvaaji asiye na upande.

Kikao ni Jumamosi tarehe 8 Aprili. Baba yako mdogo Seth ndiye atakayesema kwa niaba yetu, nami nitakaa naye ndani kama shangazi wa mwoaji. Wewe utakaa uani. Usiku wa kuamkia hapo ulale mapema. Nimemtuma Batholomeo Mayamaya. Mwenye banda la nyama ameelezwa sura yako na amekubali kutokukuuzia.

Raphael amesikia. Amesema hana kinyongo, na akaomba kujua umefunga matairi gani.

Dorothea


Uani kwa Mzee Nikodemo
8 Aprili 1995, baada ya chakula
Kwa mkono wa Yotham

Shangazi,

Shikamoo tena, ingawa tuliamkiana asubuhi. Huku uani hatujambo, mimi, gari na kuku.

Nilipita Mayamaya bila kugeuza shingo. Mwenye banda alinipungia mkono, akatikisa kichwa. Pale Kelema gari lilishika mbele na nyuma likaenda upande, nikafika nikiwa nimekaa mshazari, lakini nimefika. Mzee Nikodemo alipotoka kunawa alinipita, akaniitikia salamu vizuri, akasema alidhani mimi ni mrefu zaidi.

Mliniambia nikae nikakaa. Jua limenizungusha gari lote nikifuata kivuli. Sasa nasikia sauti zinapanda humo ndani. "Hapana" ya Mzee Nikodemo naijua, nimeisikia si mara moja. Nimemsikia baba mdogo Seth akipiga meza. Yotham ametoka na sinia tupu, nikamwuliza mambo yakoje, akasema hata yeye hakutegemea yafike huko.

Kama nimekataliwa niandikie hapa hapa nyuma ya karatasi. Nitaondoka kwa heshima. Kama amenikumbuka, hilo pia niambie. Nimelipata lile jibu la tangi, naweza kumwonyesha.

Damas


Ndani
Saa hiyo hiyo

Damas,

Marahaba. Jibu la tangi kaa nalo.

Posa ilikubaliwa kabla chai haijapoa. Mahari hayakuleta neno. Erica aliitwa, akaulizwa kama anakutaka, akasema ndiyo kwa sauti inayosikika, akarudi jikoni. Vigelegele hukusikia kwa sababu akina mama walikuwa wanangoja wazee watoke kukuita, na wazee walikuwa wamekwisha kusimama. Ndipo Mzee Nikodemo akachungulia dirishani akauliza kwa nini gari la mkwe wake lina matairi ya aina moja mbele na aina nyingine nyuma.

Seth akajibu kwamba ndivyo inavyotakiwa, laini mbele. Mzee Nikodemo akasema hapana, laini nyuma. Wakakaa tena. Tangu hapo hatujatoka. Pande mbili zimevurugika. Wazee wawili wa kwetu wamehamia kwa Mzee Nikodemo, na shemeji yake mwenyewe anamtetea Seth. Mmoja ameanza habari za tairi la lori. Hakuna hata mmoja wao mwenye gari.

Akina mama wamechoka kungoja. Erica anasema uingie mwenyewe sasa hivi, usisubiri kuitwa. Vua kofia mlangoni. Msalimie baba mkwe wako kwanza, halafu Seth. Kaa utakapoonyeshwa.

Ukiulizwa habari ya matairi, wewe hujui lolote.

Shangazi yako,
Dorothea